Hauki wa Maji ya Jivu

Wifi yangu Saimi hakuwahi kuiamini mashine yangu isipokuwa siku moja tu, siku ilipokubaliana naye. Ilikuwa Oktoba 1986. Cheti cha siku hiyo alikitia kwenye fremu akakitundika juu ya meza ya chakula, chini kidogo ya picha ya kaka yangu Armas, aliyekuwa mumewe. Kiliandikwa: hauki, mkavu, bekereli sitini za mionzi kwa kilo. Chini kulikuwa na sahihi yangu na mhuri wa halmashauri. Kwa miaka mitatu hakuna mgeni aliyepewa kahawa nyumba ile kabla hajakisoma.

Hauki ni samaki wa ziwa letu la Sammalinen. Ni mrefu, ana mdomo bapa kama wa bata na meno ya msumeno, na hula samaki wenzake bila kuchagua. Saimi alimvua mwezi wa tano, barafu ikishaondoka, wakati hauki wanapopanda kwenye majani ya ufukweni kutaga. Alimpasua, akamtundika kwenye ukuta wa ghala unaotazama kusini, na upepo ukamkausha mpaka akawa kama kuni. Alikaa darini hadi siku ya Anna, tarehe tisa Desemba. Siku hiyo ndiyo anapoanza kulowekwa: siku tano kwenye maji, siku nne kwenye maji ya jivu la koivu, ule mti wetu wa gome jeupe, kisha siku sita tena kwenye maji safi. Mkesha wa Krismasi anachemshwa na kuliwa kwa viazi na mchuzi mweupe wa maziwa. Wasiokulia naye husema ananuka sabuni. Hawakosei.

Saimi alizaliwa ng'ambo ya ziwa mwaka 1923, akaolewa kwetu mwaka 1949, na akapika kwenye shule ya kijiji kwa miaka ishirini na sita. Watu wazima wenye mashamba na matrekta bado walinyoosha mgongo wakimwona ameshika upawa. Alikuwa na mtoto mmoja, Raili. Na alikuwa na jivu. Jivu alilisugulia masufuria, alilimwaga kwenye ngazi zenye barafu, aliwapa kuku waogelee, alililisha matuta ya viazi, na alilichemsha apate maji ya kulowekea hauki. Lilikuwa jivu la kuni zake, za msitu wake. Ukimtajia magadi ya dukani alikutazama kama umemtukania mama.

Armas alikufa Februari 1986, Jumanne, akipasua kuni. Jumamosi iliyotangulia alikuwa ameoga kwenye sauna ya moshi kule ufukweni, banda la kuogea mvuke wa mawe ya moto, ile isiyo na dohani, aliyoijenga baba yetu. Baada ya mazishi Saimi aliitia kufuli sauna ile. Alisema paa limeoza. Akawa anaoga kwenye sauna ndogo ya uani, na hakuna aliyemuuliza zaidi, maana sisi si watu wa kuulizana.

Wiki kumi baadaye kinu cha Chernobyl kikalipuka, upepo ukageuka kuja kwetu, na mwisho wa Aprili ikanyesha mvua. Mvua yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mimi nilikuwa napima maziwa katika maabara ya halmashauri, chumba kimoja nyuma ya kituo cha zimamoto. Nikaletewa mashine: chungu cha risasi kizito kuliko mimi, na kisanduku cha namba. Nikapewa mafunzo ya siku mbili. Nikaambiwa nipime uyoga, matunda ya porini, maziwa na samaki, na nisiwatishe watu. La mwisho hilo halikuwa na mafunzo.

Basi nikaanza kulifuatilia ziwa. Mvua ilikuwa imeanguka juu ya barafu iliyokwisha kuoza. Barafu ikayeyuka, na sesiamu, ile sumu ya mionzi iliyoshuka na mvua, ikaingia majini. Ziwa letu lina maji ya rangi ya chai, limezungukwa na vinamasi na misonobari, na ni maskini wa chumvi. Samaki wa ziwa la namna hiyo ana njaa ya potasiamu tangu kuzaliwa hadi kufa. Sesiamu inafanana mno na potasiamu, na mwili wenye njaa haukagui kitambulisho. Mwani uliipokea kwanza, ukaliwa na vidudu visivyoonekana kwa macho, vikaliwa na samaki wadogo wa pwani. Nyingine ilizama kwenye tope la chini, ila kila masika ilitibuliwa, na vinamasi navyo viliendelea kuvuja kidogokidogo. Samaki wadogo wakaliwa na sangara. Sangara wakaliwa na hauki. Hauki ndiye anayekaa mwisho wa meza, na chakula humfikia baada ya miaka.

Jirani yetu Oiva, mjane mwenye mashua mbili na maoni mengi, alikuwa mvuvi wa sangara. Aliniletea sangara wake Oktoba ileile ya 1986. Walisoma elfu moja na mia saba. Saimi alikuwapo, na hauki wake mkavu chini ya kwapa kama gazeti.

"Oiva," alisema, "usinunue taa tena. Tundika sangara wako chooni."

"Ngoja wako apimwe, Mama Raili. Wote wameoga mvua moja."

Hauki akapimwa. Sitini. Saimi hakucheka. Aliomba kiti tu, akakaa mbele ya Oiva, akamtazama kwa muda ambao hata mimi niliuona mrefu.

Nilimwambia siku hiyohiyo. "Wifi, huyu ulimvua mwezi wa tano. Alikufa kabla chakula hakijaletwa mezani. Cheti hiki ni cha samaki huyu, si cha ziwa."

"Nimesikia. Huo mhuri hauwezi kugongwa ukakolea zaidi?"

Mwaka 1987 hakuleta samaki apimwe. Mwaka 1988 pia hakuleta. Alikuwa na cheti. Oiva aliendelea kuleta sangara wake kila mwaka kwa uaminifu wa mtu anayekwenda kanisani: elfu nne na mia moja, elfu tatu na mia tatu, elfu mbili na nusu. Walikuwa wanashuka. Oiva akaanza kuinua kichwa, na mimi nikaanza kumfikiria hauki. Nilifikiri tu. Hilo sijajisamehe, maana kufikiri hakukuwa kazi niliyolipwa.

Oktoba 1989 Raili akanipigia simu maabara. Alikuwa mwalimu Tampere, ana miaka thelathini na sita, ameolewa na mtu mpole.

"Shangazi, nina mimba. Mtoto atazaliwa mwezi wa nne."

"Hongera."

"Krismasi siji."

Nilisubiri. Kwa simu za mbali watu wa kwetu husubiri pia, ingawa tunajua inaongeza gharama.

"Ile nyingine iliharibika Januari," alisema. "Ya mwaka jana. Wiki tatu baada ya Krismasi."

"Daktari alisema hutokea."

"Najua alichosema."

"Mlo mmoja kwa mwaka hauwezi kufanya hivyo, Raili. Nimezisoma hizo namba."

"Shangazi, sijasema ni samaki. Nimesema Januari."

"Basi njoo ule nyama ya nguruwe. Si itakuwepo?"

"Unamjua mama. Nikiisukuma ile sahani mbele yake, nitakuwa nimeshasema. Na nikishasema sitaweza kulirudisha." Alipenga kamasi. "Niandikie. Kwa yule samaki atakayekuwa mezani, siyo mwingine. Awe chini ya mia sita, na mhuri. Ukiandika, nakuja na nakula. Usipoandika, tunabaki kwa wakwe zangu, na utamwambia mama nina mafua."

Hiyo mia sita aliitoa wapi sikumuuliza. Mtu mwenye hofu huhitaji namba, na hiyo ilikuwa namba nzuri kuliko nyingi nilizozisikia.

Nilikwenda kwa Saimi kwa baiskeli. Nilimweleza yote isipokuwa Januari. Alinionyesha cheti kwa kidole, bila kugeuka kutoka jikoni.

"Kimeshakwisha, wifi."

"Cheti hakiozi."

"Samaki kwenye cheti ulimla miaka mitatu iliyopita. Nipe wa mwaka huu."

Akanipa. Nilimkata kwa msumeno wa mbao, nikamsaga, nikamtia kwenye chungu cha risasi. Elfu kumi na nne na mia sita.

Nilipompelekea Saimi habari, nilimkuta Oiva jikoni kwake amekuja kuazima kichujio, jambo ambalo bado naamini hakulihitaji.

"Mashine yako imelewa, wifi," alisema Saimi.

"Hainywi. Inakaa ofisini."

"Mama Raili," alisema Oiva taratibu, "kule chooni kwangu taa imeungua. Una hauki wa ziada?"

Saimi alimpa kichujio na mlango. Kisha akakaa chini, jambo alilolifanya kwa nadra mchana.

"Elfu kumi na nne," alisema.

"Ni mkavu. Maji yametoka, sesiamu imebaki. Akiwa mbichi angekuwa kama elfu tatu na nusu."

"Na mia sita ni mia sita."

"Ndiyo."

"Na akilowekwa?"

Hapo ndipo nilipomheshimu wifi yangu kwa mara ya kwanza kwa dhati, baada ya miaka arobaini. Sesiamu ni chumvi tu, na chumvi hutoka kwa maji. Mtu aliyepika shuleni miaka ishirini na sita hahitaji mafunzo ya siku mbili kuliona hilo. Tukakubaliana tumjaribu hauki mmoja mwezi wa Novemba, kwa utaratibu uleule wa siku ya Anna, na mimi nipime kila hatua. Kila siku alibadilisha maji ya pipa na kuyamwaga nyuma ya zizi, na baada ya kila hatua alinifungia kipande kwenye karatasi ya siagi.

Baada ya siku tano za maji: elfu moja na mia tatu. Saimi alisema kwa simu neno moja, "Haya," na kwa kipimo chake hiyo ilikuwa shangwe.

Baada ya siku nne za maji ya jivu: elfu moja na mia tisa.

Nilipima mara tatu. Nilisafisha chungu. Nilipima maji ya bomba, nikapima mkono wangu. Namba ilibaki palepale. Samaki aliyekuwa anashuka alikuwa amepanda ngazi akiwa ndani ya pipa jikoni kwa mwanamke ambaye hakuna hata inzi anayethubutu kutua kwenye meza yake. Tukamaliza zile siku sita za mwisho hata hivyo. Mia saba na kumi.

"Mia na kumi tu zimezidi," alisema Saimi. "Andika mia tano na tisini."

"Siandiki."

"Ni mwanao pia."

"Ndiyo maana siandiki. Nipe jivu."

"La nini?"

"Nipe tu, wifi."

Jivu lilisoma elfu thelathini na moja.

Sikwenda kwa baiskeli siku hiyo. Nilitembea, kilomita nne, kwa kuwa nilitaka njia iwe ndefu. Nilimkuta akichambua lingonberi, matunda yale mekundu ya msituni, na nikamweleza nikiwa nimesimama. Mvua ileile iliyoangukia ziwa iliangukia msitu. Miti ya koivu imeinywa kwa mizizi miaka mitatu. Ukichoma mkokoteni wa kuni unabaki na ndoo moja, na karibu sesiamu yote iliyokuwa ndani ya mkokoteni imo ndani ya ndoo. Alikuwa anamwosha hauki siku tano, kisha anamrudishia. Kuhusu matuta ya viazi sikumwambia. Niliona jambo moja latosha kwa siku.

Aliendelea kuchambua. Mabichi kushoto, mekundu kulia.

"Jivu la mwaka juzi lilikuwa hivyohivyo?" aliuliza.

"La Krismasi ya 1987? Pengine pungufu kidogo. Sijui."

"Raili alikula sahani mbili mwaka ule. Nilimwongezea mimi."

Sikuwa nimemtajia Januari. Nikatambua kwamba naye alikuwa akihesabu, muda wote ule, chini ya cheti chake.

"Mlo mmoja si kitu, wifi. Nakuapia."

"Nilimwambia kula, mnakula wawili."

"Si kitu."

"Wewe unapima samaki, Elvi," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Mjukuu wangu hukumpima."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na nilikasirika kwa hilo, maana nilikuwa nimekuja kama mtumishi wa halmashauri. Alinipa kitambaa cha jikoni, kisafi, kilichopigwa pasi.

Nikajipangusa, nikamwambia kuhusu magadi ya dukani. Nilijiandaa kwa vita. Hakupigana.

"Nimesikia," alisema. Kisha: "Jivu la kabla ya mvua lingekuwa safi?"

"Lingekuwa. Lakini nani anaweka jivu miaka minne? Hata wewe huwezi."

Alitazama dirishani, upande wa ziwa. Barafu ilikuwa imeanza kushika ukingoni. Nikadhani anaangalia barafu.

Siku mbili baadaye alikuja maabara kwa miguu, na mkebe wa kahawa umefungwa kwa leso. Hakukaa. Alisimama mlangoni na viatu vyenye theluji, akasema, "Pima," akatoka kunisubiri uani kana kwamba nilikuwa daktari.

Nikafungua. Lilikuwa jivu la koivu, laini, jeupe, la zamani kidogo kwa harufu. Juu yake kulikuwa na kijiti cha kiberiti kilichoungua nusu. Nilikishika. Armas alijivunia maisha yake yote kuwasha moto wa sauna kwa kijiti kimoja, hata msimu wa mvua, na kila Jumamosi tulilazimishwa kusikia. Sikujua nikiweke wapi, kwa hiyo nikakirudisha ndani nikakipima pamoja na jivu.

Mashine haikuona kitu. Nikairudia kwa muda mrefu, dakika arobaini, mlango ukiwa umefungwa. Haikuona kitu. Sauna ile ilifungwa wiki kumi kabla ya mvua, tundu la moshi likazibwa kwa ubao, na jivu la Jumamosi ya mwisho ya kaka yangu lilikuwa limelala ndani ya jiko miaka yote hiyo, kavu, bila kuguswa na mtu wala mawingu.

Nilimkuta uani amesimama palepale.

"Ulisema paa limeoza," nilimwambia.

"Paa ni zima."

"Hukufagia."

"Sikufagia." Alivuta glavu zake. "Ni safi?"

"Ni safi."

"Ndoo moja ipo. Na nusu."

"Wifi, magadi yatafanya kazi ileile. Acha lile likae. Hakuna atakayejua."

"Raili atajua kwa ulimi." Akafikiri. "Na Armas angenicheka. Miaka minne jivu limekaa ndani ya jiko la sauna na viazi vinalihitaji."

Kwa hiyo tarehe tisa Desemba, siku ya Anna, hauki wa Krismasi alitiwa pipani. Tarehe kumi na tatu Saimi alikwenda ufukweni na ndoo mbili, brashi na beleshi. Nilijitolea kumsaidia akanikatalia. Nilimwona kutoka barabarani: aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akakaa humo muda mrefu kuliko jivu lilivyohitaji. Nikasimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi, kwa kuwa yule alikuwa kaka yangu, na mimi pia sikuwa nimeagana naye vizuri. Jumamosi ile ya mwisho Armas alinialika kuoga nikasema nina kazi.

Tarehe ishirini na tatu nilipima kipande cha mwisho. Mia tatu na kumi. Niliandika cheti kwa mwandiko wangu bora, nikagonga mhuri ukakolea, nikakitia kwenye bahasha na kuifunga kwa gundi. Nilikuwa nimetumia wiki sita, nikapuuza maziwa ya tarafa nzima, na nilijisikia fahari ambayo haifai kwa mwanamke wa umri wangu.

Mkesha wa Krismasi Raili na mumewe walifika kwa gari saa sita mchana. Nilikuwa langoni nikikoroga theluji kwa beleshi, nikijifanya naisafisha, bahasha ndani ya koti. Raili alishuka, tumbo limeshaonekana. Alinikumbatia. Kisha akatazama juu ya bega langu, kuelekea ziwani, akaniachia.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa sauna ya moshi, mzito, ukitambaa juu ya barafu.

"Nani kawasha kule?"

"Mama yako. Tangu alfajiri."

"Kafagia?"

Hapo nikajua kwamba naye alikuwa akijua, na kwamba katika familia hii mimi peke yangu, mwenye mashine, ndiye niliyekuwa sijui kitu.

"Kafagia," nikasema.

"Jivu lake kalipeleka wapi?"

"Limo ndani ya samaki."

Raili alisimama kwenye theluji bila kofia. Mumewe alitaka kusema kitu, nikamtazama, akaenda kushusha mizigo.

Wanawake wakaoga kwanza, kama ilivyo desturi yetu Krismasi. Tulikaa watatu kwenye benchi la juu, kwenye giza linalonuka moshi. Raili alikaa karibu na mlango, penye joto la upole, na mama yake alimwagia mawe maji kidogokidogo, kijiko badala ya kata. Saimi akasema benchi lile lilihitaji msumari.

Tulipokaa mezani, cheti cha 1986 hakikuwepo ukutani. Ulibaki mraba wa karatasi ya ukuta usiopauka, na juu yake Armas. Saimi alileta nyama ya nguruwe, viazi, mchuzi mweupe, na hauki kwenye sahani kubwa, anang'aa, anatetemeka. Hakumpakulia mtu. Kwa miaka arobaini nilikuwa sijamwona akiacha upawa mezani. Aliuweka katikati, akakunja mikono mapajani, akaitazama chumvi.

Nikatoa bahasha. Nikakohoa kidogo.

Raili alikuwa ameshachukua upawa. Alijipakulia kipande kikubwa, cha mgongoni, akamwagia mchuzi, akala. Mama yake hakuinua macho. Raili akala tena. Kisha akanyoosha mkono na kusogeza sahani yake mbele ya Saimi.

"Niongeze, mama."

Saimi akamwongezea. Mchuzi ukamwagika kwenye kitambaa cha Krismasi, na wala hakuupangusa.

"Raili," nikasema, "cheti hiki hapa. Namba imo ndani."

"Baadaye, shangazi," alisema, mdomo umejaa.

Bahasha ile ninayo hadi leo. Haijafunguliwa.